Moto wa mpira wa shule hauzimwi kwa kufuta mechi

Kila mara vijana wa shule mbili wanaporushiana mawe baada ya mechi, kauli ya kwanza ya wakubwa ni moja: mpira usimamishwe. Mkuu wa shule huwaogopa wazazi, mzazi huogopa jeraha, ofisi ya elimu huogopa lawama, na wote watatu hukutana kwenye uamuzi ulio mwepesi kuliko yote, yaani kufuta mechi na kungoja hasira zipoe zenyewe. Naupinga uamuzi huo, na sababu zangu nazitoa katika historia. Ushindani wa mpira uliozaliwa shuleni, hapa Katanga ya zamani na hata ng'ambo ya bahari, unaonyesha kwamba ugomvi hauletwi na wingi wa mashabiki wala ukali wa mapenzi yao. Mara nyingi huletwa na mambo mawili yanayojulikana na kila mtu aliyewahi kusimama kando ya uwanja: mchezaji asiye mwanafunzi aliyevalishwa jezi ya shule, na refa ambaye upande mmoja haumwamini. Ukifuta mechi na kuyaacha hayo mawili yalivyo, umeahirisha ugomvi tu. Sisi wa Kaniama, tunaoishi kando ya reli iliyohusika kuzaa mmoja wa ushindani mkubwa kabisa wa mpira nchini Kongo, tuna sababu ya kuijua habari hiyo kuliko wengine.

Tuanzie Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Mwaka 1939 watawa wa Benedikto waliokuwa wakiendesha Institut Saint-Boniface waliamua kuwaundia vijana wao timu ya mpira. Walikuwa na wanafunzi ambao hawakuwa na nia ya kuwa mapadri, na vijana hao walihitaji jambo la kufanya baada ya masomo. Timu ikaitwa Saint-Georges, kwa jina la mtakatifu msimamizi wa maskauti. Msimu wake wa kwanza katika ligi ya Waafrika wa mji ule ilimaliza nafasi ya tatu, jambo ambalo si dogo kwa vijana waliotoka darasani wakakutana na wanaume wa viwandani. Mwaka huohuo wa 1939 ikazaliwa timu nyingine mjini humo, Saint-Éloi, iliyobeba jina la mtakatifu wa wahunzi na mafundi wa chuma. Hii ilikuwa timu ya watu wa reli, wafanyakazi wa kampuni ya BCK iliyoundwa mwaka 1906, ambayo reli yake ilifika Bukama mwaka 1918 na Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928, ikipita Kamina, Kaniama, Mwene-Ditu na Luluabourg. Ya kwanza ndiyo TP Mazembe ya leo. Ya pili ndiyo Saint-Éloi Lupopo, ambayo mashabiki wake wangali wanajiita watu wa reli.

Mazingira ya kuzaliwa kwake yafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo yanayoeleza joto la miaka ile ya mwanzo. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Wazungu walikuwa na mitaa yao, viwanja vyao na ligi yao, na Waafrika wakaachiwa zao. Ndani ya upande wa Waafrika palikuwa na mgawanyiko mwingine usioandikwa katika sheria yoyote. Kijana wa Saint-Boniface alijifunza Kifaransa, alitarajia kuwa karani au mwalimu, na familia yake iliona mbele yake maisha ya meza na kalamu. Mtu wa BCK alirudi nyumbani na grisi mikononi, alijua ratiba ya treni kuliko ya misa, na mshahara wake ulitegemea kampuni iliyomleta kutoka mbali. Timu hizo mbili zilipokutana, watu wa Kamalondo na mitaa ya jirani hawakutazama mabao peke yake. Walitazama nani atajivunia nani kesho yake sokoni na kwenye bomba la maji. Hilo ni shindano la heshima, na katika mji ambao Mwafrika alinyimwa heshima karibu kila mahali, mechi ilikuwa miongoni mwa mambo machache ambamo angeweza kuipigania hadharani na kuipata. Joto hilo halikuwa upungufu wa akili wa mashabiki, na yeyote anayelisimulia kama ushenzi wa watu wa mitaani hajaelewa walichokuwa wakikigombea.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1944 Saint-Georges ilibadili jina ikawa Saint-Paul. Miaka michache baadaye timu iliingiza watu wasiotoka Saint-Boniface, na watawa, badala ya kukaa chini na kuweka mpaka, wakajitoa kabisa katika uongozi wake. Timu ikachukua jina la Englebert, kampuni ya Kibelgiji ya matairi, na ikaendelea na safari yake bila shule. Nasema hivi kwa heshima kwa watawa wale: swali lao lilikuwa la haki, jibu lao halikuwa sahihi. Shule ina haki ya kusema kwamba anayevaa jezi yake lazima awe mwanafunzi wake. Lakini mbele yao palikuwa na njia ya tatu, nayo ni kuiacha klabu iwe klabu ya mji, ichukue mchezaji yeyote imtakaye, na papo hapo kubaki na timu ya wanafunzi yenye kanuni zake. Klabu haikuumia kwa kuachwa; ilipanda hadi kileleni mwa Afrika. Aliyeumia ni mpira wa shule, uliobaki bila mlezi, na kila tunapofuta mechi leo tunarudia kosa hilohilo la kuondoka pale ambapo tulitakiwa kuweka mpaka.

Mchezaji wa kuazima si tatizo la Katanga peke yake. Tanzania wanamwita mamluki, na kila msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari za huko, unapokaribia malalamiko juu yake hurudi. Kenya shule zimewahi kuondolewa mashindanoni kwa kuchezesha wasiostahili. Na hao ni majirani waliojitahidi, wenye mashindano yanayoanzia ngazi ya chini hadi taifa. Ukimuuliza kijana aliyepigana baada ya mechi kwa nini alipigana, mara nyingi hatasema kwamba alichukia kufungwa. Atasema aliyewafunga ana watoto wawili nyumbani, au alionekana wiki iliyopita akichezea shule nyingine. Kufungwa kwa haki huuma siku mbili. Kufungwa na mtu ambaye hakutakiwa kuwapo uwanjani hubaki moyoni, hasa kwa kijana anayefundishwa darasani kwamba kuiba jibu la mtihani ni aibu kisha anamwona mwalimu yuleyule akimvalisha mgeni jezi ya shule.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Marekani, ambako ushindani wa vyuo katika mpira wao, ule wa kushika mikononi na kugongana, ulianza kwa ukali ambao hapa kwetu haujawahi kuonekana kati ya shule na shule. Mwaka 1889 Harvard ilijitoa katika chama cha vyuo vilivyocheza mchezo huo baada ya mzozo na Princeton. Walizozania nini? Walizozania nani ni mwanafunzi wa kweli. Siku zile walikuwapo wachezaji waliohama kutoka chuo hadi chuo wakifuata malipo, bila kujali darasa. Mwaka 1894 Harvard na Yale walikutana Springfield, katika jimbo la Massachusetts, na vijana wengi wakaumia vibaya hata vyuo hivyo viwili vikaacha kucheza mpira huo pamoja hadi mwaka 1897. Chuo cha jeshi la nchi kavu na chuo cha jeshi la majini, vilivyoanza kushindana mwaka 1890, vilifika mahali pabaya zaidi: baada ya mechi ya 1893 maofisa wakubwa wa pande mbili waligombana hata wakakaribia kupigana kwa silaha, na serikali ikazuia timu hizo zisitembeleane. Kwa hiyo ile dawa ya kufuta imejaribiwa, tena na watu wenye mamlaka kuliko mkuu yeyote wa shule wa mkoa wetu wa Haut-Lomami.

Je, iliponya? Harvard na Yale walirudi uwanjani, na mchezo wenyewe ukazidi kuua. Mwaka 1905 magazeti ya huko yalihesabu vifo vipatavyo 18 katika msimu mmoja. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton mwezi Oktoba mwaka huo akawataka wausafishe mchezo wao. Wako waliochagua kufuta: Columbia iliacha mpira huo kwa miaka kumi. Lakini kilichogeuza mambo kilikuwa kazi ya wale waliobaki mezani. Desemba 1905 vyuo vipatavyo 60 vilikutana New York vikaunda chama cha kusimamia michezo yao, na mwaka 1906 kanuni zikabadilishwa: pasi ya mbele ikaruhusiwa, umbali wa kusonga ukaongezwa, na timu zikatenganishwa kabla ya mpira kuanza, ili vijana wasigongane kwa pamoja kama kuta mbili zinazobomokeana. Haikuwa kazi ya siku moja, na vijana wengine walikufa hata baada ya hapo. Lakini Harvard na Yale wangali wanakutana hadi leo. Na vile vyuo viwili vya kijeshi viliporudishiwa mechi yao mwaka 1899, haikuchezwa kwa mmoja wala kwa mwingine, bali Philadelphia, mji usio wa upande wowote. Jambo hilo la kuhamisha uwanja nitalirudia hapa chini, kwa sababu halina gharama ya kutisha.

Najua msomaji atasema Marekani ni mbali, vyuo vyake vina fedha, na mpira wake si huu wetu. Turudi basi Kongo, kwenye jambo la pili, la refa. Juni 1957, katika uwanja wa Roi Baudouin mjini Léopoldville, timu ya Waafrika wa mji huo ilicheza na Union Saint-Gilloise kutoka Ubelgiji. Refa alikuwa Mbelgiji, akakataa mabao mawili ya Wakongo, na wageni wakashinda 4 kwa 2. Watu walipotoka uwanjani walirusha mawe, magari ya Wazungu yakaharibiwa, watu wakaumia. Serikali ya kikoloni iliona fujo za mashabiki. Mimi naona watu waliofanya hesabu: mchezaji ni Mbelgiji, mwamuzi ni Mbelgiji, mwenye nchi ni Mbelgiji, na mabao yanayokataliwa ni ya Mkongo. Sisifu jiwe lililorushwa. Nasema tu kwamba yeyote aliyetaka amani siku ile alipaswa kuitafuta kwenye uteuzi wa refa, kabla mechi haijaanza, na asiingoje mlangoni mashabiki walipokuwa wakitoka. Ni vivyo hivyo shule moja ya wilaya yoyote inapokaribisha nyingine huku firimbi ikishikwa na mwalimu wa shule mwenyeji. Mwalimu huyo anaweza kuwa mwadilifu kuliko wote. Mgeni akifungwa kwa penalti, hakuna atakayemwamini.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: mpira huu tuliletewa na mapadri na makampuni ili kutufuga. Padri alitaka kijana achoke jioni asifikirie maovu, kampuni ilitaka mfanyakazi apige kelele za mabao asipige kelele za mshahara. Kwa nini basi tuhangaike kuurudisha shuleni? Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni ya kweli, na haifai kufichwa. Lakini nia ya mwenye kuleta kitu haiamui matumizi ya aliyekipokea. Mwezi Desemba 1941, miaka miwili baada ya kuzaliwa kwa timu zetu mbili, wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara katika ule ughali wa vita. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Gavana Amour Maron alifika, wanajeshi wakafyatua risasi, na makumi ya watu wakauawa, akiwamo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Katika uwanja uleule uliokusudiwa kuwatuliza walisimama pamoja na kusema neno lao. Watu hao hawakuwa wamefugwa. Walikuwa wameufanya mpira na uwanja wake kuwa mali yao, na mali hiyo imelipiwa kwa damu. Kuuondoa mpira shuleni kwa sababu padri aliuleta ni kurudisha kitu ambacho babu zetu walikwisha kukilipia.

Pingamizi jingine, ambalo Kaniama tunalijua kwa machungu, ni la kabila. Wanasema ushindani katika nchi hii ni kabila lililovaa jezi. Ukiwasha shule dhidi ya shule leo, kesho utaona Mluba wa huku dhidi ya Mluba wa kule, Mkanyoka dhidi ya fulani. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala vituoni wakisubiri treni, na treni hizo zilipita Kamina na Kaniama zikielekea Mwene-Ditu. Kuna watu wa makamo hapa kwetu ambao hawahitaji kitabu kuyajua hayo. Lakini tuseme ukweli juu ya nani alifanya nini. Waliowasha moto ule walikuwa wanasiasa waliosimama kwenye majukwaa ya siasa, na hawakuhitaji mechi yoyote ili kuuwasha. Ukirudi kwenye asili ya Saint-Georges na Saint-Éloi, utakuta kwamba kilichowaunganisha wachezaji wa kwanza ni benchi la darasa upande mmoja na karakana upande mwingine. BCK ilichukua wafanyakazi kutoka Kasai, Lomami na Katanga, na Saint-Boniface ilifundisha watoto wa wote hao. Jezi ilichora mpaka usiofuata ukoo, na hilo ndilo jambo la thamani kubwa kuliko kombe lolote. Ni kweli kwamba baadaye wapo waliojaribu kuingiza ukabila katika mashabiki, na hatari hiyo ingalipo. Ila shule ndiyo mahali ambapo mtoto wa Mluba, wa Mkanyoka na wa Msonge wanaweza kupigania jina moja kwa pamoja. Ukifuta timu ya shule, mtoto yule haachi kutafuta timu. Atajiunga na ile ya mtaa wake au ya ukoo wake.

Na matunda ya joto lile la mwanzo tumeyala wote. Mwaka 1966 Englebert ilikuwa bingwa wa Kongo, na mwaka 1967 ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika, ikalirudia 1968, timu ya kwanza kulitwaa mara mbili mfululizo. Ila nani alikuwa bingwa wa Kongo mwaka huo wa 1968? Saint-Éloi. Bingwa wa bara zima hakuweza kuwa bingwa nyumbani kwake, kwa sababu watu wa reli hawakumruhusu. Hebu fikiria maana yake: timu mbili zilizozaliwa mwaka mmoja katika mji mmoja zilisukumana hadi moja ikasimama juu ya Afrika na nyingine juu ya hiyo. Januari ya mwaka huohuo, Addis Ababa, taifa letu lilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika kwa kuifunga Ghana 1 kwa 0, na bao hilo lilifungwa na Pierre Kalala wa Englebert. Miaka sita baadaye, tulipolitwaa tena Misri na kwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, Kazadi golini na Bwanga na Mwanza katika ulinzi walikuwa wa klabu hiyohiyo, wakati ule ikiitwa Mazembe. Mwaka 2010, Abu Dhabi, timu iliyoanza kama shughuli ya wanafunzi baada ya masomo ilicheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan, ya kwanza kutoka Afrika kufika hapo. Hakuna wizara iliyopanga hayo. Yalitokana na timu mbili zilizokataa kushindwa na jirani.

Tena hayakuishia Lubumbashi. Sanga Balende ya Mbuji-Mayi ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1983, na Tshinkunku ya Kananga mwaka 1985. Tazama ramani: Kaniama iko katikati ya miji hiyo na Lubumbashi. Treni imepita hapa ikibeba wachezaji, mashabiki na habari za matokeo kwa vizazi vitatu, na sisi tumebaki watazamaji wa dirishani. Siamini kwamba vijana wetu wana miguu mizito kuliko ya Kananga. Naamini hawana mahali pa kuonekana, kwa sababu mechi za shule hapa na katika maeneo mengi ya Haut-Lomami hupangwa kwa simu kati ya walimu wawili, huchezwa mara moja, na zikiisha vibaya hazirudiwi. Ligi haijengwi hivyo.

Watu wengi nchini siku hizi wakisikia Kaniama hufikiria Kaniama-Kasese, mahali ambapo tangu mwaka 2020 Service National inawapeleka vijana waliokamatwa Kinshasa kama kuluna, yaani wahuni wa magenge ya mapanga, ili walime mahindi na kujifunza ufundi. Iwapo mpango huo unafaa au haufai ni mjadala mwingine. Ninachokiona ni kwamba taifa linakubali kutumia ndege, treni, magari, chakula na maofisa ili kumrekebisha kijana wa miaka 20 aliyejifunza kushindana kwa panga. Kijana wa miaka 14 anayetaka kushindana kwa mpira, hapa hapa Kaniama, tunamwambia tumefuta. Sisemi kwamba mpira wa shule ungewazuia kuluna wote. Umaskini na ukosefu wa kazi havifungwi mabao. Nasema kwamba hamu ya kijana ya kumshinda mwenzake mbele ya watu haipotei kwa kukatazwa, na shule ndiyo mahali nafuu zaidi pa kuifundisha adabu.

Gharama, basi. Mkuu wa shule atauliza fedha zitoke wapi, naye ana madarasa yaliyofurika tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, na walimu wanaosubiri mishahara. Swali lake ni la haki kabisa. Lakini angalia ninachokiomba. Siombi nyasi za bandia wala basi. Naomba daftari moja la wachezaji wa kila shule, lenye picha, tarehe ya kuzaliwa na darasa, lifungwe kabla ya mechi ya kwanza na nakala yake ikae kwa shule pinzani. Daftari hilo peke yake lingezuia nusu ya ugomvi, maana mamluki huishi gizani. Naomba refa asiyefundisha wala kusomesha mtoto katika shule yoyote kati ya hizo mbili; kama hapatikani Kaniama, aombwe Kamina au Mwene-Ditu, na alale kwa mwenyeji asiye na timu. Naomba mechi ya watani ichezwe uwanja wa tatu, kama walivyofanya wale wanajeshi wa Marekani mwaka 1899. Na adhabu ikija, impate aliyekosa. Shule iliyochezesha mamluki ipoteze pointi zake na kijana aliyerusha jiwe akae nje. Vijana mia tatu waliokuja kushangilia wasinyang'anywe mchezo kwa kosa la watano.

Treni ya SNCC si ya kutegemewa kwa ratiba ya ligi, najua, kwa hiyo tusianze kwa kuota Kamina dhidi ya Kaniama kila wiki. Tuanze na shule za hapa mjini, za Wakatoliki, za Wamethodisti na za serikali, wavulana na wasichana. Nasisitiza wasichana kwa sababu ushahidi upo: mwaka 2023 huko Durban wasichana wa Fountain Gate, shule ya Dodoma, walitwaa ubingwa wa shule za Afrika, mashindano ambayo CAF iliyaanza kwa majaribio Kinshasa mwaka 2022, na mwaka 2024 wanawake wa TP Mazembe wakawa mabingwa wa klabu za Afrika. Mlango uko wazi mpaka ngazi ya bara, na unaingiwa kwa kupitia shule zenye sajili safi. Shule isiyoweza kuthibitisha nani ni mwanafunzi wake haitafika hata Kamina.

Wako watakaosema masomo yatateseka na matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa, yatashuka. Hilo hutegemea ratiba, na mechi moja kwa wiki, alasiri, haijawahi kumfelisha mwanafunzi aliyekuwa akisoma. Sitalijadili zaidi.

Mwaka wa shule unaanza Septemba. Kabla ya siku hiyo, wakuu wa shule za sekondari za Kaniama wakutane, wakubaliane juu ya daftari la wachezaji, refa wa nje na uwanja wa tatu, kisha waweke saini mbele ya wazazi. Na wazazi wasiondoke kwenye mkutano huo kabla ya kuiona ratiba ya mechi imebandikwa ukutani.